Mtoto Mwanamichezo: Tumfundishe Kutulia, Tusimfundishe Kunyamaza

Kila mwaka unapofika msimu wa michezo ya shule, nyumba nyingi hubadilika. Bukta zinafuliwa na kuanikwa mapema, raba zinatafutwa chini ya vitanda, na mtoto aliyechaguliwa kwenda UMITASHUMTA au UMISSETA anakuwa mtu wa kutajwa mtaa mzima. Sisi akina mama tunaujua wajibu wetu: uji uwe tayari alfajiri, nguo ziwe safi, nauli ipatikane. Tukimaliza hayo tunaona kazi yetu imekwisha.

Lakini wengi wetu tumeona pia jambo jingine ambalo hatukujua tulifanyie nini. Asubuhi ya mashindano yenyewe mtoto anakataa uji. Anakwenda chooni mara tatu kabla hakujapambazuka. Mikono yake ni ya baridi, usiku kucha amekuwa akigeukageuka kitandani, na ukimsemesha anajibu kwa hasira. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaacha wenzake wote mazoezini. Akifika uwanjani miguu inakuwa mizito, anamaliza wa sita au wa saba, na jioni watu wanaulizana ni nani aliyemroga.

Mtoto huyo hajarogwa, wala si mwoga. Mwili wake umefanya kazi uliyoumbwa kuifanya, ila hakuna aliyemfundisha namna ya kuuongoza. Katika makala hii tungependa kuzungumza na mama mwenye mtoto anayekimbia, anayecheza mpira au netiboli, au anayeogelea. Tutaeleza jinsi akili inavyoweza kuusaidia mwili wakati wa mashindano, na mazoezi ambayo mama mwenyewe anaweza kumfundisha mtoto nyumbani bila gharama yoyote. Tutaeleza pia hatari moja iliyojificha katika mafundisho haya, ambayo mama asipoijua anaweza kumuumiza mtoto huku akidhani anamsaidia.

MWILI NA AKILI NI NDUGU WA TUMBO MOJA

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaliona jambo hili kila siku. Mgonjwa akipimwa presha huku ana hofu, presha hupanda. Akipewa kiti, akakaa dakika tano na kupumua vizuri, tukipima tena mara nyingi imeshuka. Hajameza kidonge chochote.

Mtu anapoingiwa na hofu, ubongo hupeleka habari kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huanza kupiga haraka, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na damu hupungua tumboni ili iende kwa wingi kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Ndiyo maana uji haupiti, tumbo linasokota na choo kinaita. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Hali hiyo ikiwa ya kiasi ni nzuri kwa mwanamichezo, kwa sababu humpa wepesi. Ikizidi ndipo inapoharibu. Misuli iliyokaza mno hutumia nguvu bure, hewa haitoshi, na mawazo hutawanyika. Ni kama moto wa jikoni. Hatutaki kuuzima, kwani wali hautaiva. Tunataka kupunguza kuni ili wali usiungue.

Habari njema ni kwamba njia kati ya akili na mwili hupitika pande zote mbili. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mapigo, lakini pumzi tunaweza kuiamuru, na mtu akitoa pumzi polepole moyo nao hupunguza mwendo. Vilevile mtu akiilegeza misuli yake, ubongo hupata habari kwamba hatari imepita. Daktari mmoja Mmarekani, Edmund Jacobson, alilichunguza sana jambo hili, na mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu kulegeza misuli hatua kwa hatua: unakaza fungu moja la misuli, unalegeza, kisha unahamia jingine. Mpaka leo njia hiyo hutumika kwa watu wenye wasiwasi na kwa wale wasiopata usingizi. Makocha wa michezo nao wameichukua.

MAMA ALIYESOMA KANDO YA KITANDA

Pengine utasema, mambo haya ni ya wataalamu, mimi mama wa nyumbani yananihusu nini? Basi sikiliza habari za mama mmoja wa mji wa Baltimore, Marekani.

Debbie Phelps alikuwa mwalimu, mwenye watoto watatu aliowalea baada ya kuachana na mume wake. Kitindamimba wake, Michael, aliyezaliwa mwaka 1985, alikuwa mtoto asiyetulia hata kidogo. Darasani hakuweza kukaa, na alipokuwa na miaka 9 madaktari walithibitisha kwamba ana tatizo la kushindwa kutulia na kuweka makini. Kwenye maji ndiko alikoonekana kupata nafuu.

Alipokuwa na miaka 11 alianza kufundishwa na kocha Bob Bowman. Kocha huyo aliona kwamba mtoto ana mwili wa kuogelea kuliko wengine wote, lakini kabla ya mashindano hisia zinamchukua. Akatafuta kitabu cha mazoezi ya kulegeza mwili, akampa mama. Mama akawa anamsomea mwanawe usiku kabla ya kulala: kaza ngumi ya mkono wa kulia, sasa iachie, sikia uzito ukiondoka. Kisha mkono wa kushoto, mabega, miguu, mpaka mwili wote ulegee na usingizi uje.

Baada ya hapo Bowman akaongeza zoezi la pili. Kila usiku, na tena kila asubuhi anapoamka, Michael alitakiwa afumbe macho na kuyaona mashindano yake kama mtu anayetazama mkanda wa video: anavyoruka kuingia majini, mkono mmoja baada ya mwingine, anavyogeuka ukutani, mpaka mwisho. Hakutakiwa kuona mambo mazuri tu. Alitakiwa ayaone pia mambo yanayokwenda vibaya, na aone anavyoyakabili.

Zoezi hilo lilionekana faida yake mbele ya dunia nzima tarehe 13 Agosti 2008, katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Ilikuwa fainali ya mita 200 za mtindo wa kipepeo. Mara tu alipoingia majini, miwani yake ya kuogelea ilianza kuingiza maji, na kufikia sehemu ya mwisho alikuwa haoni tena ukuta wala mstari ulio chini ya bwawa. Muogeleaji mwingine angeingiwa na hofu. Yeye aliendelea kuogelea huku akihesabu mikono, kwa kuwa alijua ni mingapi inamfikisha ukutani. Alipogusa ukuta na kuvua miwani, aliona kwenye ubao kwamba ameshinda na kuweka rekodi mpya ya dunia ya dakika 1, sekunde 52.03. Katika michezo hiyo alipata medali 8 za dhahabu, na alipostaafu mwaka 2016 alikuwa na medali 28 za Olimpiki, 23 zikiwa za dhahabu.

Hatusemi kwamba kila mtoto atakayesomewa kando ya kitanda atapata medali. Tunachosema ni kwamba mafunzo ya akili ya mtu huyu hayakuanzia kwenye chumba cha mtaalamu. Yalianzia chumbani kwake, kwa sauti ya mama yake, akiwa mtoto mdogo.

HATA KWETU AFRIKA MASHARIKI

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mabwawa ya Marekani tu. Mtazame Eliud Kipchoge wa Kenya, ambaye naye alilelewa na mama mwalimu wa watoto wadogo. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna, Austria, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kwa kuwa alisaidiwa na kundi la wakimbiaji wa kumwongoza kwa zamu, muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuumaliza umbali huo chini ya saa 2. Waliomtazama waliona kitu cha ajabu: kila mwili ulipochoka, yeye alitabasamu. Mwenyewe ameeleza kwamba hutabasamu kwa makusudi, ili mwili ulegee na maumivu yapungue.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini, wamelipima jambo hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwaweka wakimbiaji 24 wakimbie wakitabasamu, kisha wakikunja uso. Walipotabasamu walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo uleule. Anayekunja uso hukaza na shingo, mabega na ngumi, na nguvu hiyo yote haimpeleki popote.

Kocha wake Kipchoge, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya mwaka 1992, amemfundisha pia mama mwenzetu Faith Kipyegon. Faith alijifungua mtoto wa kike mwaka 2018. Alirudi uwanjani, akashinda mita 1500 katika Olimpiki za Tokyo na Paris, juu ya ile dhahabu aliyokuwa ameipata Rio mwaka 2016. Akili yake haikuvunjika kwa kukaa nje ya mbio, na mwili ulipewa muda wake.

Nasi Watanzania tuliona tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Baada ya kilomita 42 alikuwa nyuma ya mkimbiaji wa Ujerumani, akamfikia katika hatua za mwisho kabisa, na picha ya mwisho ikaonyesha kwamba amemtangulia kwa sehemu 3 tu za mia moja za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia. Mtu aliyekata tamaa moyoni au aliyekaza mwili wote kwa hofu hawezi kuipata hatua ile ya mwisho.

MAZOEZI YA KUFANYA NYUMBANI

Yafuatayo ni mazoezi ambayo mama anaweza kuyafanya na mtoto wake. Yaanze majuma kadhaa kabla ya mashindano. Ukimfundisha usiku wa kuamkia mbio utakuwa umemwongezea kazi tu.

1. Pumzi. Mtoto akae au alale, aweke mkono mmoja tumboni. Avute hewa kwa pua huku wewe ukihesabu polepole moja hadi nne, kisha aitoe kwa kuhesabu moja hadi sita. Kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta. Mkono wa tumboni upande na kushuka; mabega yasipande. Dakika 5 zinatosha. Akisikia kizunguzungu aache, apumue kama kawaida.

2. Ngumi. Wakati wa kulala, taa ikiwa imezimwa, mwambie akaze ngumi ya kulia kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha aiachie na asikilize tofauti. Fuata mkono wa kushoto, uso, mabega, tumbo, mapaja na nyayo. Huhitaji kitabu. Sema polepole kwa sauti ya chini, kama ulivyokuwa ukimbembeleza alipokuwa mchanga. Sehemu yenye jeraha au maumivu isikazwe.

3. Picha. Baada ya mwili kulegea, aone kwa macho ya moyo siku ya mashindano tangu anaposhuka kwenye gari. Aone uwanja, asikie kelele, aone anavyokimbia au kudaka mpira. Kisha aone jambo moja baya: kamba ya raba imefunguka, amechelewa kuondoka mstarini, mwenzake amempita. Aone anavyofanya baada ya hapo. Jambo ambalo mtu amelikuta mara nyingi katika mawazo halimshtui sana likitokea.

4. Neno fupi. Achague maneno mawili au matatu ya kujiambia akichoka, na yawe ya kumwelekeza la kufanya. "Mabega chini" ni zuri. "Mikono laini" ni zuri. "Nisishindwe" halimsaidii, kwa sababu linamkumbusha kushindwa tu.

5. Desturi ya asubuhi. Siku ya mashindano afanye mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Ale chakula alichozoea, saa 2 au 3 kabla ya kucheza. Siku hiyo si ya kujaribu chakula kigeni. Uji mwepesi, ndizi au mkate vinatosha kwa mwenye tumbo la wasiwasi. Na usiku awe amelala vizuri. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Mazoezi haya hayana siri. Mwalimu au kocha akitaka kuyafundisha, ayafundishe mbele ya timu na wazazi wajue. Mtu mzima anayetaka kujifungia na mtoto chumbani kwa kisingizio cha kumtuliza au kumkanda misuli, huyo asipewe nafasi hata akiwa na sifa kubwa. Marekani, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, alihukumiwa kifungo mwaka 2018 kwa kuwadhulumu wasichana kimwili kwa kisingizio cha tiba. Wengi wao walikuwa wamefundishwa kuvumilia na kutouliza.

KUTULIA SI KUNYAMAZA

Hapa ndipo penye ile hatari tuliyoitaja mwanzoni. Mtoto aliyejifunza kuiongoza akili yake anaweza kutumia nguvu hiyo kuyafunika maumivu ambayo yangepaswa kusikilizwa. Na sisi wazazi, hasa tukishaanza kuona jina lake gazetini na zawadi mezani, tunaweza kumsifia kwa hilo.

Turudi katika nyumba ileile ya Baltimore. Kabla ya Michael, aliyetazamiwa kuwa nyota alikuwa dada yake, Whitney. Alikuwa hodari wa mtindo wa kipepeo, akaichezea timu ya Marekani katika mashindano ya dunia ya mwaka 1994 akiwa bado binti mdogo. Mwaka 1996 alikwenda kwenye mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki. Lakini mgongo wake ulikuwa umeumia, naye alikuwa akiogelea huku akivumilia maumivu. Alimaliza wa sita, hakuchaguliwa, na ndoto ikaishia hapo. Hatumlaumu mama huyo wala mtu yeyote. Tunaona tu kwamba katika nyumba moja yenye mama anayejali, mtoto mmoja alisaidiwa kuutuliza mwili wake, na mwingine alibeba maumivu mgongoni mpaka ikawa kuchelewa.

Michael naye hakusalimika. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba baada ya kila Olimpiki alikuwa akiangukia katika sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na kwamba baada ya London 2012 alifikia hatua ya kutotaka kuishi. Mwaka 2014 alikubali kwenda kutibiwa. Mtu yule aliyeweza kuogelea bila kuona alihitaji msaada wa wengine ili aendelee kuishi. Mazoezi ya pumzi na picha ni mazuri, lakini hayatibu sonona iliyokomaa, kama ambavyo maji ya uvuguvugu hayatibu malaria.

Walio hodari kweli hujua wakati wa kusimama. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Simone Biles wa Marekani alijitoa katika fainali ya timu baada ya mruko mmoja tu. Alikuwa amepoteza ile hisia ya kujua mwili uko wapi unapozunguka hewani, na kwa mchezo wake mtu akikosea hilo anaweza kuvunjika shingo. Wako waliomwita dhaifu. Alipumzika, akatafuta msaada, na mwaka 2024 huko Paris akapata medali 3 za dhahabu na moja ya fedha. Kipchoge yuleyule tuliyemsifia, bwana wa tabasamu, alisimama katika marathoni ya Olimpiki ya Paris baada ya kilomita 30 hivi, kwa sababu mgongo ulimuuma. Kama Kipchoge alisimama, mwanao wa darasa la sita anaweza kusimama bila kuonewa haya.

WASICHANA WETU WANA JAMBO LA ZIADA

Kuna ishara moja ambayo akina mama ndio tunaoweza kuiona mapema kuliko kocha yeyote, nayo ni hedhi. Msichana anayefanya mazoezi mengi huku anakula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi kama nyumba iliyopungukiwa fedha. Kitu cha kwanza kusitishwa huwa ni uzazi: siku zake zinakosekana. Homoni inayoimarisha mifupa hupungua, na mifupa huanza kupata nyufa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko maalumu kuwatahadharisha makocha na madaktari kuhusu hali hiyo ya upungufu wa nishati, ambayo huwapata hata wavulana.

Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani Mary Cain alieleza katika gazeti la New York Times jinsi alivyoshinikizwa kupunguza uzito tangu alipojiunga na timu kubwa akiwa na miaka 17. Alikosa hedhi kwa miaka 3, akavunjika mifupa 5. Alikuwa mmoja wa wasichana wenye mbio kuliko wote nchini mwake.

Kwetu wako wanaosema kwamba msichana kukosa siku zake wakati wa mazoezi ni kawaida, au hata ni nafuu. Si kawaida. Mwongezee chakula kabla hujamwongezea maneno ya kumtia moyo. Maharage, dagaa, maini yakipatikana, mchicha na matembele, pamoja na chungwa au embe ili madini ya chuma yaingie vizuri mwilini. Chai ya majani isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Na chakula chake kisipunguzwe kwa ajili ya kaka zake.

DALILI ZA KUMPELEKA MTOTO KITUO CHA AFYA

Wasiwasi wa kawaida huja kabla ya mashindano na kuondoka yakishaanza au yakiisha. Mama aone mambo yafuatayo kuwa ni zaidi ya wasiwasi:

- Maumivu ya kifua, au kuzimia wakati wa kukimbia. Aache michezo siku hiyohiyo mpaka apimwe moyo.
- Kifua kulia kama filimbi au kukohoa sana baada ya mbio. Hiyo huenda ni pumu, nayo ina dawa zake.
- Maumivu ya mfupa yaliyo mahali pamoja, yanayozidi akikimbia au yanayomwamsha usiku.
- Msichana kukosa hedhi miezi 3 mfululizo, au kufikisha miaka 15 bila kuvunja ungo.
- Kukonda, kuchoka siku zote, viganja na ndani ya kope kupauka.
- Kukosa usingizi au kuwa na huzuni kwa zaidi ya wiki 2, au kuuchukia mchezo aliokuwa akiupenda.
- Kusema kwamba hana faida au afadhali afe. Maneno haya yasichukuliwe kuwa utani. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

ULIMI WA MAMA

Mtoto akirudi ameshindwa, neno la kwanza analolisikia nyumbani hukaa naye muda mrefu. Akisikia, "Umetuaibisha," safari ijayo atakwenda uwanjani na mizigo miwili, mbio na aibu. Mpe maji, mpe chakula, mwache aoge. Baadaye muulize alijisikiaje na alijifunza nini. Akirudi ameshinda muulize maswali hayohayo, ili ajue kwamba upendo wa nyumbani haupimwi kwa saa ya mwalimu.

Na ikibidi kuzungumza na mwalimu wa michezo, fanya hivyo kwa heshima na bila kuogopa. "Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi yako. Mtoto analalamika mguu tangu wiki iliyopita. Tunaomba apumzike mpaka apimwe." Mwalimu mwema atafurahi kuambiwa. Asiyefurahi, mwili ule si wake.

Akina mama wenzetu, msimu wa michezo haujaja ghafla hata mwaka mmoja, tunaujua unapokaribia. Basi tuanze mapema na dakika 10 kando ya kitanda: pumzi, ngumi, kisha picha. Na mtoto akishalegea, kabla hajapitiwa na usingizi, tumuulize swali moja zaidi: "Mwanangu, kuna mahali panapokuuma?" Tukishauliza tusiondoke haraka. Wengine hujibu baada ya kimya kirefu.